Ukaguzi unawaka nyekundu na seva ni nzima: kutafuta chanzo kwenye Nagios, Icinga na wenzao

Onyo likiingia kutoka Nagios, Icinga au mfumo mwingine unaokagua seva kwa zamu, wengi hukimbilia seva iliyotajwa. Wanaingia kwa SSH, wanatazama diski, wanatazama memori, wanakuta mambo shwari, wanafunga kompyuta. Nusu saa baadaye onyo ni lilelile. Shida ni kwamba swali la kwanza limerukwa: hayo maneno yaliyoandikwa kwenye onyo yametamkwa na nani?

Tuseme kuna SACCO yenye ofisi kuu Kampala na matawi Kasese, Arua na Mbarara. Seva ya ufuatiliaji iko Kampala. Ili ijue diski ya Kasese imejaa kiasi gani, inapanga zamu ya ukaguzi, inaendesha plagini (programu ndogo ya ukaguzi) ya `check_nrpe`, plagini inavuka mtandao hadi poti 5666 kwenye seva ya Kasese, huduma ya NRPE kule inapokea ombi na kuendesha plagini nyingine, `check_disk`, ambayo ndiyo hasa inayoitazama diski. Kila kiungo kwenye mnyororo huo kina lugha yake ya kulalamika. Ukiona `DISK CRITICAL - free space`, aliyesema ni wa mwisho, yaani njia nzima imefanya kazi na diski kweli imejaa. Ukiona neno `CHECK_NRPE` mwanzoni, aliyesema yuko Kampala, na kuhusu diski ya Kasese hujaambiwa chochote.

Plagini hujibu kwa mambo mawili: mstari wa maandishi na namba anayoiacha anapomaliza. 0 ni OK, 1 ni WARNING, 2 ni CRITICAL, 3 ni UNKNOWN. Nagios hufuata namba. Maandishi ni ya binadamu tu, na hapo ndipo uongo mwingi unapopenyea, tutaufikia.

Kabla ya lolote, endesha mwenyewe

Ingia kwenye seva ya ufuatiliaji, si kwenye laptopu yako, uendeshe ukaguzi uleule kwa jina la mtumiaji yuleyule:

`sudo -u nagios /usr/lib/nagios/plugins/check_nrpe -H 10.20.3.5 -c check_disk_root; echo $?`

Njia hiyo ni ya Debian na Ubuntu. Kwenye Rocky au AlmaLinux plagini zinakaa `/usr/lib64/nagios/plugins`, na aliyejijengea Nagios kutoka msimbo chanzo atazikuta `/usr/local/nagios/libexec`. Majina ya watumiaji nayo hutofautiana: kwenye Rocky NRPE inaendeshwa na `nrpe`, na Icinga 2 inaendeshwa na `icinga`, wakati Debian huwapa wote wawili `nagios`.

Kuendesha kama root hakukuambii kitu. Root anasoma kila faili na kupita kila mlango, kwa hiyo atakupa OK pale ambapo `nagios` ananyimwa. Pia usiunganishe amri na `| head` au `| grep` kisha ukaamini `$?`, maana hapo unasoma namba ya grep, si ya plagini.

Connection refused na timeout si ndugu

Watu huzichanganya hizi mbili kwa sababu zote zinaonekana kama "haipatikani". Lakini `Connection refused` ni habari njema nusu: pakiti imefika Kasese, mashine imewaka, imejibu "hapa hakuna anayesikiliza poti hiyo". Nenda kule utazame kama huduma inaishi (`systemctl status nagios-nrpe-server` kwenye Debian, `nrpe` kwenye Rocky), kisha:

`ss -ltnp | grep 5666`

Ukiona `127.0.0.1:5666`, huduma inajisikiliza yenyewe tu; rekebisha `server_address` kwenye `nrpe.cfg`. Wakati mwingine jibu la kukataa hutoka kwenye fayawoli iliyowekewa REJECT, lakini hilo ni nadra kuliko huduma iliyokufa.

Timeout ni ukimya. Pakiti imemezwa mahali. Badala ya kubahatisha, sikiliza upande wa pili wakati unarudia ukaguzi:

`tcpdump -ni any port 5666`

Pakiti haifiki kabisa? Tatizo liko njiani: ruta, VPN, au laini ya tawi. Inafika lakini hakuna jibu? Fayawoli ya seva ya Kasese inaitupa kimyakimya. Inafika na kujibiwa, ila jibu halirudi Kampala? Tazama njia ya kurudi, hasa tawi likiwa na laini mbili za intaneti na jibu likatokea kwenye laini ambayo siyo ile ombi liliyoingilia.

Kuna timeout ya aina nyingine ambayo mtandao hauna hatia nayo. Muunganisho umekubaliwa, amri imepokelewa, ila plagini ya kule inachelewa kumaliza. Mathalani script inayohesabu faili za nakala rudufu kwenye diski ya zamani huweza kuchukua sekunde 25, na `check_nrpe` kwa kawaida hungoja 10 tu. Hapa kuna saa tatu zinazokimbia kwa pamoja: `command_timeout` kwenye `nrpe.cfg`, ambayo kwa kawaida ni 60. `-t` ya `check_nrpe`. Na `service_check_timeout` ya Nagios, nayo ni 60. Zipange kwa ngazi, ya ndani iwe fupi kuliko ya nje: 30, halafu 40, halafu 60. Hapo plagini ikikwama, aliye karibu nayo ndiye atakayelalamika kwanza, na ujumbe utakaoupata utakuwa na maana. Kwa mpangilio wa kawaida, aliye mbali, `check_nrpe` ya Kampala, ndiye anayechoka mapema, na anachoweza kusema ni "sikujibiwa" basi.

"Could not complete SSL handshake"

Ujumbe huu umepotezea watu usiku mwingi wakihangaika na vyeti, ilhali mara nyingi sababu ni moja ndogo: anwani ya IP ya anayeuliza haimo kwenye `allowed_hosts`, orodha ya wanaoruhusiwa. NRPE humfungia mlango kabla ya mazungumzo ya siri kuanza, na upande wa Kampala hilo linaonekana kama SSL imeshindikana, au `Connection reset by peer` kwenye matoleo mapya. Logi ya Kasese haifichi:

`Host 41.x.x.x is not allowed to talk to us!`

Kwetu hili hutokea hasa baada ya umeme kukatika. Ruta ya ofisi kuu inarudi na anwani mpya ya nje, au laini ya faiba imekufa na ruta imehamia kwenye modemu ya akiba ya 4G. Jana mliruhusiana, leo wewe ni mgeni. Dawa ya haraka ambayo utaikuta kwenye mipangilio ya watu wengi ni kuandika `0.0.0.0/0`, yaani kuruhusu dunia nzima, na dawa hiyo ni mbaya kuliko ugonjwa. Weka WireGuard, ambayo ni VPN, kati ya Kampala na matawi, ukaguzi wote upite humo, anwani zisibadilike tena. Kwa tawi lililo nyuma ya modemu ya simu, ongeza `PersistentKeepalive = 25`, la sivyo njia itajifunga tawi likikaa kimya na Kampala haitaweza kuliamsha.

Ukithibitisha kwamba anwani imo na bado handshake (salamu za kufungua mazungumzo) inagoma, ndipo uanze kulinganisha matoleo. NRPE ya zamani sana upande mmoja na mpya upande mwingine hazielewani. Jaribu `check_nrpe -2` uone kama itapita kwa itifaki ya zamani.

Umeme umerudi, seva imewaka, lakini tawi halionekani

Hili nalitolea nafasi zaidi kwa sababu vitabu vya wenzetu wenye umeme usiokatika havilitaji, na kwa sababu kila dalili yake inaelekeza pasipo.

Tawi la Arua limekosa umeme usiku kucha. Inverta imemaliza betri, seva imezima. Asubuhi umeme unarudi, karani anasema kwa simu kompyuta zinafanya kazi, intaneti ipo, anafungua tovuti kwenye simu kwa WiFi ya ofisi. Kampala ukaguzi wote wa Arua ni CRITICAL, timeout. `wg show` inaonyesha handshake ya mwisho ilikuwa jana. Unawasha upya WireGuard ya Arua, hakuna kitu. Unapitia funguo, ziko sawa. Unaanza kushuku laini.

Mwombe karani aandike `date` kwenye seva. Ikijibu mwaka wa nyuma, umemaliza. Betri ndogo ya bodi, ile CR2032 ya duara, imekufa; seva ikikosa umeme inasahau saa. Raspberry Pi 4 na zilizotangulia hazina hata saa hiyo; zinaendelea tu kutoka pale zilipoachia. WireGuard huweka alama ya muda kwenye kila handshake ili mtu asirekodi ya zamani na kuirudisha, na Kampala inakumbuka alama ya juu kabisa iliyowahi kupokea kutoka Arua. Arua sasa inatuma alama za zamani, kwa hiyo Kampala inazitupa bila neno. Na kama ulipanga Arua ichukue saa kutoka seva ya NTP (ya kugawa saa) iliyo Kampala kupitia njia hiyohiyo ya WireGuard, umefunga fundo lisilofunguka: saa inasubiri njia, njia inasubiri saa.

Kulifungua ni rahisi ukishajua. Karani aweke saa kwa mkono:

`date -s "2025-06-10 08:15"`

au wewe, upande wa Kampala, mwondoe Arua kwenye orodha ya wenza wa WireGuard na kumrudisha, jambo linalofuta ile kumbukumbu ya alama. Lakini usiishie hapo. Mpe chrony ya Arua (programu inayorekebisha saa) chanzo cha saa kilicho nje ya WireGuard, weka `makestep 1.0 3` ili iruhusiwe kuruka mara moja inapowaka badala ya kusogea polepole, nunua betri mpya, na uongeze ukaguzi wa `check_ntp_time` ili saa inayoanza kuyumba ionekane kabla ya kukatika kwa umeme kunakofuata.

Saa mbovu ina watoto wengine. Vyeti vya HTTPS vinakataliwa kwa kuwa "bado havijaanza", na logi zinaandikwa kwa tarehe za ajabu kiasi kwamba huwezi kufuata nini kilitangulia nini.

Unable to read output, 126, 127

`Return code of 127` ni plagini isiyopatikana: njia imeandikwa vibaya au kifurushi hakijawekwa. 126 ni plagini iliyopo isiyo na ruhusa ya kuendeshwa. `Command 'check_x' not defined` ni jina lisilomo kwenye `nrpe.cfg` ya kule, au limo na hukuwasha huduma upya. Haya hayahitaji maelezo marefu.

`NRPE: Unable to read output` linahitaji kidogo. Plagini iliendeshwa lakini haikuandika kitu kwenye mkondo wa kawaida. Mara nyingi imeandika kosa kwenye mkondo wa makosa, nawe huuoni. Iendeshe kule tawini kama mtumiaji wa NRPE na utaliona: ama sudo inaomba nenosiri ambalo hakuna wa kulijibu, ama faili fulani haisomeki. Kama plagini inahitaji sudo, iruhusu hiyo peke yake:

`nagios ALL=(root) NOPASSWD: /usr/lib/nagios/plugins/check_raid`

Na kama kwa mkono inapita lakini kwa NRPE inagoma? Kwenye Rocky na AlmaLinux mshukiwa ni SELinux, mlinzi wa ziada wa ruhusa ndani ya mfumo. Wewe unaendesha ukiwa kwenye mazingira huru ya kuingia, NRPE inaendesha ikiwa kwenye kizuizi chake. `ausearch -m avc -ts recent` itakuonyesha kilichokataliwa. Andika sera ya kuruhusu hicho. Kuzima SELinux nzima kwa ajili ya ukaguzi mmoja ni uvivu.

Maonyo mengi kwa mpigo

Tawi la Kasese limeishiwa yaka, umeme wa kulipia kabla. Hakuna aliyenunua tokeni kwa sababu meneja yuko mkutanoni Fort Portal. Kampala unapata maonyo ya ruta, swichi, seva mbili, kamera, diski, hifadhidata, kila moja kwa ujumbe wake, na yote yana chanzo kimoja.

Nagios ina neno `parents` kwenye maelezo ya kila mashine: seva ya Kasese mzazi wake ni swichi, swichi mzazi wake ni ruta. Ruta ikilala, waliobaki hupewa hali ya UNREACHABLE badala ya DOWN, na unaweza kuamua usiitiwe kwa hali hiyo. Icinga 2 hufanya hivyo kwa vitu vya aina ya `Dependency`. Na kama tawi lina UPS au inverta yenye waya wa data, Network UPS Tools itasoma betri yake. Onyo la "tawi liko kwenye betri" likitangulia, kuna muda wa kumpigia mtu anunue yaka kabla mashine hazijazima.

Nyekundu, kijani, nyekundu, kijani

Dakika ile jenereta inaposhika mzigo, swichi huzima na kuwaka. Ukaguzi ukiangukia hapo hapo utakuwa mwekundu kisha kijani. Kwa mashine za matawi, weka `max_check_attempts` 4 au 5 na `retry_interval` dakika moja, ili hali ibaki laini (SOFT, isiyotuma onyo) mpaka ithibitike. Kwa hifadhidata ya ofisi kuu usiwe mvumilivu kiasi hicho.

Kuyumba kwingine husababishwa na viwango vilivyonakiliwa. Mfano unaokuja na Nagios wa `check_ping` ni `100.0,20%` kwa WARNING na `500.0,60%` kwa CRITICAL. Ukiwa umekodi VPS (seva pepe) Ulaya ili ifuatilie seva za Kampala, milisekunde 100 ni safari ya kawaida tu: mawimbi yanateremka hadi pwani ya Bahari ya Hindi, yanaingia kwenye kebo ya baharini, yanapanda tena. Ukaguzi utakuwa wa njano maisha yake yote, na rangi ya njano isiyokwisha hakuna anayeitazama. Pima wiki nzima, angalia kawaida ya njia yako, weka kiwango juu yake. Kebo za EASSy na Seacom zilipokatika Mei 2024, waliokuwa wakifuatilia Uganda kutoka nje waliona kila kitu kimezorota, hata mifumo ambayo wateja wake wote wako Kampala na ilikuwa ikiwahudumia bila shida kupitia UIXP, kituo cha ndani ya Uganda ambapo mitandao hubadilishana data. Ndiyo maana mimi napendelea wafuatiliaji wawili: mmoja ndani ya nchi, mmoja nje, na onyo la usiku litoke kwa wa ndani.

Kijani kinachodanganya

Nyekundu ya uongo inakukosesha usingizi. Kijani cha uongo unakijua pale mteja anapopiga simu, kwa hiyo nakihofia zaidi.

Anza na script zilizoandikwa ofisini. Tazama hii:

`if [ $n -eq 0 ]; then echo "CRITICAL: hakuna nakala rudufu"; fi`
`exit 0`

Inasema CRITICAL kwa herufi kubwa, na Nagios inaiweka kijani kwa sababu imepokea 0. Inaweza kukaa hivyo mwaka mzima. `exit 2` ilipaswa kuwa ndani ya sharti. Pitia script zote za ofisini kwa kuziharibia mazingira makusudi: hamisha folda ya nakala rudufu kwa dakika moja, uone kama rangi inabadilika.

Halafu `check_disk -p /` kwenye seva ambayo hifadhidata yake iko kwenye `/var/lib/mysql`, diski tofauti. Halafu diski yenye nafasi tele lakini inodi (nafasi za kusajili faili) zimekwisha kwa sababu ya mamilioni ya faili ndogo za sesheni. `-W` na `-K` huzitazama. Halafu `check_http` inayoridhika na jibu 200 kutoka ukurasa unaosema "mfumo una hitilafu". Mpe `-s` na neno ambalo lipo tu mfumo ukiwa mzima.

Wanaotumia Prometheus, mfumo mwingine wa ufuatiliaji, wana mtego wao. Kanuni kama `node_filesystem_avail_bytes / node_filesystem_size_bytes < 0.1` seva ikizimika hairudishi chochote, na kisichorudisha chochote hakiwashi onyo. Tena, onyo lililokuwa limewaka linazimika, na mtu anadhani diski imesafishwa. Usiandike kanuni ya aina hiyo bila kuwa na `up == 0`, inayowaka seva isipojibu, pembeni yake. Wa Zabbix wao watazame sharti la onyo lenye `nodata()`, linalowaka data isipofika.

Saa za eneo zipite haraka: Uganda iko UTC+3 mwaka mzima, lakini kontena nyingi huwaka zikiwa UTC. Kama ulizima maonyo kuanzia saa nane usiku wakati wa nakala rudufu na bado unaitwa, angalia kama mfumo wako unadhani saa nane ni saa kumi na moja alfajiri.

Mwisho kabisa ni njia ya onyo lenyewe. Ukaguzi umeona tatizo, Nagios imeandika `SERVICE NOTIFICATION` kwenye logi, na simu yako haikulia. Hapo fuata baruapepe kwa `mailq`, na kama unatuma SMS kwa modemu ya USB, angalia kwanza kama laini ina airtime. Vocha ya modemu hiyo huwa haina mwenyewe ofisini: mhasibu anadhani ni ya fundi, fundi anadhani ni ya mhasibu. Weka ukaguzi wa salio kama unavyoweka wa diski, na uweke ujumbe mmoja wa kila asubuhi saa mbili unaosema tu kwamba mfuatiliaji yuko hai. Siku usipokufikia, anza na modemu.